Mbuni Unaojipogoa Wenyewe

Ikuti, Rungwe
12 Novemba 2023

Tulinagwe mjukuu wangu, mke wangu mdogo, ugonile.

Mimi babu yako Anyosisye Mwaisumo nina miaka themanini na sita. Nimezika wake wawili. Nimezika watoto wanne kati ya sita, baba yako Nelson akiwemo. Nimezika wachungaji watatu walioniambia nipunguze maneno, nimeona vyama viwili vya ushirika wa kahawa vikifa mimi nikiwa mwanachama hai, na wote waliocheka mbuni wangu nimewafukia kwa mikono hii. Kwa hiyo ukisoma usiseme mzee amechanganyikiwa. Naandika mwenyewe. Darasa la pili nililoishia mimi ni sawa na la saba lenu. Ile simu uliyonitumia nimeigawa, maneno ya simu mtu anayakana, ya karatasi hayakani.

Huku tupo. Mvua imeanza vizuri, ndizi zipo, ng'ombe amezaa dume. Ezron jirani anakusalimu, amebakiwa na meno manne na bado anataka kuoa. Mtoto wako Belinda anaendeleaje, anatembea? Mwambie babu yake alitembea akiwa na miezi saba.

Sasa sikia. Yule bwana Innocent uliyemtuma kutoka kwenye kitalu chenu huko Moshi, aje auone mbuni wangu, amekuja Jumanne mimi nikiwa nimekwenda Igogwe kuangaliwa jicho. Hakunisubiri. Amekata vipandikizi, amepewa kopo la punje, amepiga picha, ameondoka. Narudi jioni nakuta kibati kimefungwa kwa waya kwenye mbuni. Nikasema vizuri, wameandika jina langu. Nikasogea na jicho langu moja lililopona nikasoma herufi moja moja. F. E. L. Nikasema labda nimeanzia mwisho. I. S. T. A.

Unaujua ule mbuni. Mwaka sitini na nane uliota wenyewe kwenye mstari wa baba yangu, mfupi, umechongoka juu kama kichuguu, majani madogo nusu ya wenzake. Baba akasema ng'oa, umelaaniwa. Nikakataa. Ulipozaa, punje zake zikatoka nyembamba, zina ncha kama jino la panya. Tukakaanga, tukanywa, tukalala kama watoto. Kahawa ya watu inakesheza, ya kwangu inalaza. Kuanzia hapa mpaka Masoko hawaulizi inaitwaje, wanasema nipe Anyosisye. Jina hilo nimelifanyia kazi miaka hamsini na mitano.

Nikamwita Ezron asimame katikati, maana mimi na mke wa Nelson hatusemezani. Tangu aolewe, miaka ishirini na saba, ananitila. Hajaniangalia usoni, hajataja jina langu, akiniona njiani anaingia migombani. Ndiyo heshima ya mkamwana. Siku hizi wengine wanakaa na wakwe zao meza moja wanagombania chumvi.

Nikasema, "Ezron, muulize huyo, lile jina pale ni la nani."

Ezron akasema, "Mama Tulinagwe, mzee anauliza lile jina..."

"Nimesikia," akasema toka nyuma ya mgomba. "Mwambie ni la kwangu."

"Muulize limefikaje kwenye mbuni wangu."

"Mwambie yule bwana aliniuliza, kahawa hii inaitwaje. Nikamwambia, ya mwenyewe. Akauliza, mwenyewe nani? Nikanyamaza. Akauliza, ya kwako mwenyewe? Nikanyamaza. Akauliza, wewe unaitwa nani? Nikamwambia. La kwangu naruhusiwa."

"Muulize kwa nini alinyamaza."

"Mwambie alitaka niseme nini."

Ezron akacheka na meno yake manne, nikamfukuza.

Angeweza kuita mtoto wa jirani amtajie. Angeweza kumwambia mgeni asubiri. Amenyamaza makusudi na kimya chake kimemzalia jina. Sasa andika huko kwenu lifutwe, liwekwe Anyosisye, kabla ya mvua za Machi. Lisipofutwa, nitajua nyumba ile pale chini nimempa nani na nimempa kwa nini.

Mimi babu yako na mumeo,
A. Mwaisumo


Moshi
20 Desemba 2023

Babu yangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako nimeipata jana, ilikaa kwa kondakta wa basi wiki tatu na inanuka samaki. Sisi wazima. Belinda anaota meno na anauma kila kitu, mpaka kitambulisho changu cha kazi. Poleni na jicho. Ng'ombe dume hongera.

Innocent kakosea, lakini hakukusudia. Yeye ni Mhaya, hajui habari za kutila. Kwao mkamwana anamkaribisha baba mkwe, wanaongea. Alipoona mama ananyamaza alidhani ni unyenyekevu wa mwenye mali. Nilipomweleza alishika kichwa.

Mbuni wenyewe umewashangaza watu hapa. Nakuandikia walichokikuta kama kilivyo kwenye daftari la aina: umbo la pia iliyogeuzwa, majani madogo, punje nyembamba zenye ncha, kile kinachokesheza watu ni chini ya nusu ya kahawa ya kawaida, utamu wa mbali kama wa tunda, hauna uchungu mkali. Huzaa kidogo. Hushikwa upesi na kutu ya majani usipotunzwa. Mwisho wameandika, umetunzwa vizuri sana, umepogolewa kwa mkono wa mtu anayejua.

Babu, kilichomfunga mama mdomo ni heshima yako wewe. Alishika alichofundishwa. Ninakuomba uliangalie jambo hili hivyo.

Kuhusu jina nitauliza wakubwa. Mama ananipigia kila Jumapili jioni, anaongelea mvua tu. Anaendeleaje?

Mjukuu wako,
Tulinagwe


Ikuti
14 Februari 2024

Tulinagwe, ugonile.

Barua nimesoma siku mbili, umeandika kwa herufi za sisimizi. Huku tupo. Ezron kabakiwa na meno matatu. Mchungaji mpya amekuja, kijana, anahubiri akiangalia saa. Nimemwambia mimi nimewazika waliomtangulia.

Nimefurahi wamekiri kwamba ni kahawa ya ajabu. Hapo kwenye huzaa kidogo wafute. Haizai kidogo, inachagua. Na hapo penye mtu anayejua, wamepatia, ni mimi. Lakini waongeze jambo ambalo hawakuliona, maana hawajaishi nao: mbuni huu unajipogoa wenyewe. Miaka kumi sasa sijaugusa kwa panga wala mkasi. Mibuni ya Ezron ukiiacha msimu mmoja inakuwa kichaka, machipukizi ya maotea kila upande. Wa kwangu kila ukienda uko safi, matawi yamekaa kwa nafasi, hauna jani lenye kutu. Hiyo ndiyo tabia yake kubwa. Andikeni.

Umeuliza mama yako anaendeleaje. Yuko Bulyaga kwa kaka yake Cosmas. Watu watakuambia nimemfukuza. Sikumfukuza. Mwaka Nelson alipooa nilinunua mabati kumi na mawili nikawaezekea. Mabati ni yangu, kila mtu Ikuti anajua, misumari pia ni yangu. Wiki iliyopita nimepanda na kuyashusha. Miaka themanini na sita niko juu ya kenchi, vijana wananiangalia chini hawaamini. Nyumba nimemwachia, kuta zote nne, sijamgusa tofali. Mvua ilipokuja aliamua mwenyewe kuondoka. Alitandika godoro kwenye pikipiki, akapita njia ya chini ili asinione. Hapo nampa sifa yake, heshima anayo.

Jina likibadilishwa mabati yatarudi.

Nakungoja,
A. Mwaisumo


Moshi
30 Machi 2024

Babu, shikamoo.

Belinda anatembea. Kazi zinaendelea.

Hakuna mbuni duniani unaojipogoa. Mama alikuwa anaupogoa kila Jumapili ukiwa kanisani, kwa sababu ndiyo siku pekee uliyokuwa mbali vya kutosha. Alitoa maotea, akachuma majani yenye kutu moja moja akayachoma nyuma ya jiko. Alianza mwaka baba alipofariki, kwa sababu ulikuwa unakauka na wewe ulikuwa umelala na huzuni. Nilikuwa namshikia kapu. Alinikataza kukuambia, akasema mzee akijua ataona aibu. Ndizo Jumapili hizo hizo ulizompelekea mchungaji mashtaka kwamba mjane wa Nelson haonekani ibadani, mpaka akatengwa meza ya Bwana mwaka mzima. Alitengwa na akaendelea kupogoa.

Habari za mabati nimezisoma.

Nimeuliza kuhusu jina. Sheria ya daftari iko hivi: jina likishaandikwa, anayeweza kulibadilisha ni shahidi yule yule aliyehojiwa kwenye mti. Inabidi asimame palepale, mbele ya aliyemhoji, alitaje jina sahihi kwa mdomo wake. Hawezi kutajiwa na mtu mwingine na hawezi kuandika. Innocent atapita Tukuyu tarehe 21 Mei na atafika Ikuti.

Kwa hiyo Babu ni juu yako. Ukitaka jina lako, mruhusu alitaje. Mwite wewe.

Vipandikizi vimeshika, arobaini na moja. Vina kibati kile kile mpaka tutakapoambiwa vingine.

Tulinagwe


Ikuti
2 Juni 2024

Tulinagwe.

Sikusalimu leo. Salamu nitaziweka mwishoni kama zitabaki.

Tarehe 21 nilifanya kama ulivyosema. Nilimtuma Ezron aende Bulyaga akamwite mama yako, nikamwambia amwambie nimemfungulia, alitaje jina langu siku hiyo moja, sitakasirika. Nilivaa koti. Alikuja Innocent, alikuja mchungaji na saa yake, walikuja wa kijiji wengi maana hakuna aliyewahi kumsikia mkamwana akimtaja mkwe wake hadharani. Mama yako akashuka kwenye pikipiki na kanga mpaka puani, akasimama upande wa pili wa mbuni. Mbuni ukawa katikati yetu. Ulikuwa na maotea, wiki kumi na tano tu tangu aondoke. Nilimwona ananyoosha mkono akavunja moja, halafu akaurudisha mkono ndani ya kanga.

Innocent akasema, "Mama, samahani kwa siku ile. Nieleze sasa, huu mbuni ni wa nani, jina lake?"

Mama yako akamgeukia Ezron.

Nikasema, "Ezron, mwambie nimeruhusu."

"Mama Tulinagwe, mzee ameruhusu."

"Nimesikia. Ezron, mwambie mzee mimi ni mkamwana wake. Siwezi."

"Mwambie nimeruhusu mimi mwenyewe mbele ya watu."

"Mwambie miaka ishirini na saba nimefundishwa. Nikilitaja leo, kesho atasema sikulelewa."

"Mwambie sitasema."

"Mwambie heshima siyo bati, kwamba unaipandisha na kuishusha."

Watu walicheka, Tulinagwe. Walicheka mbele ya koti langu. Mchungaji akakohoa kwenye ngumi, najua kilikuwa kicheko. Wanawake wakasema ndaga, ndaga, wanamshukuru yeye kana kwamba amewagawia nyama.

Nikasema, "Ezron, lete panga."

Ezron akasema, "Anyosisye, acha." Akalitaja jina langu yeye, wa bure, asiyetakiwa.

Nikaenda kulichukua mwenyewe. Shina la mbuni ni nene kama paja la mtoto, nilikata kwa mapigo kumi na moja, kijana yeyote wa hapa angetumia thelathini. Ulianguka upande wa mama yako. Hakuruka. Alitazama ule mti, akamtazama Ezron, akapanda pikipiki. Mimi hakunitazama, hata hapo. Na kwa kuwa kisiki cha kahawa huchipua tena, kesho yake nilikichimba nikakichoma, na kibati nikakitupa humo humo.

Sasa sikia sababu ya barua hii. Nikiwa bado nahema na panga mkononi, yule Innocent akasema, "Mzee, kwa nini umekata?" Nikamwambia sheria yenu ya daftari. Akasema, "Sheria gani? Ungeniambia tu. Kalamu ninayo mfukoni, ningefuta na kuandika Anyosisye hapa hapa. Nilidhani mmeniita kumsikia mama kwa sababu ya mila zenu." Nikamwambia basi futa. Akasema sasa mti mama haupo, hana cha kulinganisha wala cha kupiga picha upya, kilichomo daftarini ndicho kitabaki.

Umenidanganya wewe. Nilikubeba mgongoni mpaka kliniki, na umekaa huko ukanitungia sheria. Siku nikifa usije kunizika. Nimeshawaambia.

Salamu hazikubaki.

Anyosisye Mwaisumo


Moshi
25 Agosti 2024

Babu, shikamoo.

Ndiyo, niliitunga mimi. Nilikaa na barua ya mabati siku nyingi kabla ya kukujibu. Nilitaka umwite wewe uliyemtoa, usimame umsubiri akupe jina lako, na alikupe. Sikujua kwamba atakunyima. Hakuniambia, na mpaka leo tukiongea anaongelea mvua.

Kwa kukata, hilo hatukulitunga sisi.

Miche arobaini na moja imefika magotini. Kumi tumempelekea mama, ameipanda Bulyaga uwanjani kwa mjomba Cosmas, amefunga uzio wa matete. Anaipogoa mchana, watu wanapita wanamwona.

Nasikia kwa Ezron kwamba unakunywa kahawa ya dukani na moyo unakusumbua. Ukitaka mche, kitalu kinatoa kwa yeyote anayeomba. Kuna fomu, nimeweka tatu ndani ya bahasha. Palipoandikwa jina la aina, mwombaji anajaza kwa mkono wake mwenyewe. Hii siyo ya kutunga, utaona muhuri. Ukiandika vingine inarudishwa.

Tulinagwe


Ikuti
9 Desemba 2024

Tulinagwe, ugonile.

Nina miaka themanini na saba sasa. Huku tupo. Ng'ombe yule dume nimemuuza, Ezron bado ana meno matatu, mchungaji kahamishwa na mimi bado nipo. Umesema Belinda anatembea. Vizuri, ingawa amechelewa.

Kahawa ya dukani siyo kahawa. Nikinywa kikombe kimoja moyo unapiga kama mtu anayetwanga, nisipokunywa kichwa kinauma, miaka hamsini nilizoea kunywa nikalala. Ezron ananiambia acha tu kahawa. Mtu mwenye meno matatu anapenda kushauri.

Fomu ya kwanza nilijaza Anyosisye, mmerudisha. Ya pili nilijaza Mke wa Nelson, mmerudisha, na muhuri mkubwa mwekundu kama nimeiba. Tangu aolewe sijalitaja jina lake, kama yeye asivyolitaja langu, hilo hukuliwaza ulipoweka fomu tatu. Au uliliwaza.

Fomu hii ya tatu inataka pia sahihi ya mtu anayeijua aina hiyo. Hapa Ikuti wote wamekataa, wanasema wanaoijua wako Bulyaga. Nimekwenda Bulyaga. Nimekaa nje kwa Cosmas kwenye jiwe nikiwa nimegeukia barabara, Cosmas akaipeleka fomu ndani kwa mama yako. Nilikaa muda wa kupika ndizi zikaiva. Hakutoka. Cosmas akarudi nayo, imesainiwa. Juu, palipo na jina, nilikuwa nimeandika FERISTA, yeye ameikata ile R kwa mstari mmoja na kuandika L juu yake. Neno jingine hakuandika. Maji ya kunywa aliniletea Cosmas, siyo kwamba nililetewa na mama yako.

Miche yake kumi nimeiona kwa mgongo, yaani nilipoondoka. Iko mizuri. Mbuni wangu ulikuwa mzuri zaidi.

Mabati sirudishi. Nimeezekea banda la ng'ombe ingawa ng'ombe hayupo.

Basi: mimi Anyosisye Mwaisumo wa Ikuti naomba mche mmoja wa Felista. Kwamba nimeliandika jina hilo kwa mkono wangu bila kushikiwa kalamu, muulize Ezron aliyeniwekea karatasi juu ya meza. Kwamba nililikosea, muulize Cosmas. Kwamba limesahihishwa na nani, mwenyewe yupo.